Mizani ya Kadutu

Kabla ya kuuliza bei niliuliza uzito.
Akonkwa alicheka: "Dada, hii ni darubini, si nyama."
Nikamwambia: siku tisa kwa miguu,
toka Bukavu mpaka Goma, ziwa likiwa kuliani,
na kupanda kila mlima utakaoniruhusu.
Gramu ya asubuhi ni kilo ya jioni.

Tukaenda kwa Mama Nsimire, muuza maharage,
mwenye mizani isiyojua kubembeleza.
Sahani hii akaweka ile kubwa, nane kwa arobaini na mbili,
sahani ile akamimina maharage ya njano,
kikombe, kikombe, nusu kikombe,
hadi zikatazamana.
"Umeona? Chakula chako cha siku mbili,
na hakipikiki."

Niliiinua hata hivyo.
Juu ya Kadutu, bati juu ya bati,
kunguru aliyekuwa mweusi tu
akapata kola nyeupe, akapata jicho, akapata njaa.
Mwanga uliingia wote bila kubisha hodi.
Nikairudisha kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

Ile ndogo kabisa, nane kwa ishirini na tano,
ilikaa kiganjani kama yai.
Lakini mimi navaa miwani,
na ilinigawia dunia ya ukubwa wa kifungo,
pembeni kote kiza.
Na ndege wangu si wa saa sita mchana:
huamka ndani ya mianzi
wakati ukungu haujaamua kama utakuwa mvua.

Ya jicho moja sikuigusa.
Baba aliacha jicho moja machimboni;
najua mkono wake ulivyokuwa ukikosa kikombe mezani.

Ikabaki ya katikati, nane kwa thelathini na mbili,
imekwaruzwa ubavuni, mwenyewe hajulikani.
"Haiingii maji," Akonkwa aliapa,
kwa hiyo nikaitumbukiza
kwenye ndoo ambamo maharage yalikuwa yakilowa.
Mama Nsimire alihesabu kwa sauti mpaka hamsini.
Akonkwa alifunika uso.
Hakuna povu lililopanda.
Tukapatana bei huku ikidondosha maji miguuni petu.

Usiku, nyumbani Nguba, nilianza kupunguza.
Mfuko wake wa ngozi, hapana.
Mkanda wake mpana, hapana; kamba ya kiatu inatosha.
Sweta ya pili, hapana, nikarudi nayo, hapana.
Kitabu cha ndege nilikikata kwa kisu cha mkate:
ndege wote wa baharini, kurasa arobaini na moja,
niliwaacha kitandani
wakiniangalia kama abiria waliokosa boti.

Siku ya nne, juu ya Kalehe, baridi ilikuwa imenuna.
Nilikuwa nimelala nayo ndani ya koti
isije ikaamka na ukungu machoni.
Kwenye ua jekundu kitu kikameta.
Nikainua; mkono haukulalamika.

Chozi alikuja.
Kijani cha shingo, kifua cha kaa la moto,
mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia.
Alikunywa sekunde tatu, labda nne.

Chozi likaja.
La upepo, nitasema nikiulizwa.
Likajaa, likafunga kioo,
na yule mwingine, mwenye mabawa,
akazama humo humo akiwa bado anakunywa.

Nilipofuta kwa ncha ya kitenge
ua lilikuwa likitikisika peke yake.
Nililitazama mpaka likatulia.
Hata kutua kwa ua kulionekana vizuri,
kila unywele wa shina lake,
mwanga ukitosha, au karibu kutosha.

Nikirudi nitapita kwa Mama Nsimire.
Maharage yalifika, nitamwambia.
Chumvi ndiyo niliyoisahau.