Utenzi wa Fundi na Kunguru

Si jambo la kusikia,
ni mimi niliingia
vita nisivyovijua
na kunguru wa mjini.

Ni Lindi, pale Mtanda,
kazi yangu ni kupanda,
nimefungwa na mkanda,
nguzo zote za njiani.

Umeme ulikatika,
wapiga simu wafoka,
barafu zinayeyuka
kwa Bi Somoe sokoni.

Nilipoinua jicho,
kiota kikubwa hicho
kimenitolea macho,
chenye vyuma, si majani.

Mna henga, mna spoki,
kijiko, tena mswaki,
na waya wa pikipiki,
na hereni... ni ya nani?

Na katikati makinda,
ngozi tupu kama tunda,
mioyo inawadunda,
midomo wazi, hewani.

"Kunguru, kwa woga wake,
hukimbiza bawa lake."
Bibi na usemi wake,
nikaubeba ngazini.

Mara mwoga kanivaa!
Kofia hiyo, yapaa,
wakaja wote mtaa,
wapatao ishirini.

Mmoja gonga kisogo,
mwingine, ndege mdogo,
akaninyea kidogo,
kingi kikenda shingoni.

Chikawe, chini aliko,
alinipigia heko:
"Kwa mwoga ndiko kicheko,
shuka, turudi nyumbani!"

Kiota nikakitoa
wala sikukibomoa,
makinda nikaokoa
juu ya mwarobaini.

Hereni nikaitia
mfukoni, natulia,
umeme ukarejea,
feni zikalia ndani.

Kesho yake nikatoka,
hao, wakanizunguka
hadi kazini kufika,
sauti zao kichwani.

Nikavaa ya Chikawe
kofia, nisijuliwe,
yangu avae mwenyewe;
wakamwacha, hawamwoni!

Ni sura wanayojua,
si nguo niliyovua,
hata ndevu kuzinyoa
haikufaa, jamani.

"Kunguru wa paa lako
akilia, ni mwaliko,
mgeni yuaja kwako,"
kauli ya majirani.

Wiki nne walilia,
mke mchele katia,
kila siku angojea
mgeni. Mgeni gani?

Siku moja akifua
hereni akaitoa
mfukoni. Akatua,
akaketi mlangoni.

Ndiyo ile ya harusi,
iliyozua mikosi,
akamtupia tusi
Zuhena, wetu jirani.

"Mwizi!" kamwita hadhara.
Mwaka mzima, hasira,
hakuna hata ishara
ya salamu, kisimani.

Akafungasha korosho,
ana mwanzo, hana mwisho
wa maneno. "Siyo kesho,"
kanena, yuko njiani.

Na kule juu ya paa
mwizi mweusi kakaa,
akalia: "Kaa! Kaa!"
Zuhena: "Nani mgeni?"

Wanasema hafugiki
kunguru. Nami sitaki,
ila kwake sibanduki:
mfugwa hapa ni nani?

Hadi leo, nikipita
Mtanda, bado ni vita;
makinda yameshaota
mabawa, yako hewani.

Wazazi wameyafunda:
"Yule, nguzo akipanda,
msimwache!" Nami nenda
na sufuria kichwani.