Chumba Namba Kumi na Nne

Fomu inauliza: kwa nini udaktari?
Jibu kwa maneno mia tano.
Nina miaka kumi na saba na mwezi mmoja,
nimekaa mapokezi, kwenye moteli ya baba,
kando ya barabara kuu, Oklahoma,
saa nane za usiku,
mashine ya barafu inakohoa nje.

Vyuo tisa. Kila kimoja kinaahidi
mlango mmoja kwa safari mbili:
minne ya shahada, minne ya tiba,
ingia mtoto, utoke daktari.
Mama amelipenda neno "uhakika".
Analikunja kama taulo, pembe kwa pembe,
analiweka juu kabisa ya kabati.
Baba hasemi. Anajumlisha ada za maombi
nyuma ya risiti ya sabuni,
anajumlisha tena, kana kwamba jibu litaona haya lipungue.

Mshauri wa shule, Bi. Haskell,
hajawahi kumjazia mtu fomu ya namna hii.
Alisema: andika kuhusu bibi yako.
Bibi yangu yuko Navsari, mzima wa afya,
anatafuna pilipili mbichi
na hana mpango wa kufa kwa ajili ya insha.

Nikaandika "tangu utotoni". Nikafuta.
Nikaandika "shauku". Nikafuta.
Kiangazi chote nilijitolea hospitalini,
nikisukuma viti vya magurudumu, nikijaza glovu visandukuni;
shauku sikukutana nayo,
nilikutana na wauguzi wakivua viatu chini ya meza.

Nisichoandika ni shuka.

Machi iliyopita, Jumapili, zamu yangu ya kufua,
shuka la chumba namba kumi na nne lilikuwa na doa,
si kubwa, upande wa miguuni,
rangi ya chai, na wekundu katikati.
Mgeni alikuwa dereva wa lori, Bwana Tolliver,
kalipia siku mbili.
Nilibisha. Akafungua na soksi moja.
Nikamwonyesha kisigino chake mwenyewe,
maana hakuwa amekiona.
"Mbona hakiumi," akasema,
akicheka kama aliyeshinda bahati nasibu.
Nami nikajua, sijui nilijuaje,
kwamba kutouma ndio ugonjwa wenyewe.

Nenda hospitali, nilimwambia.
Akasema ana kuku waliogandishwa
na Amarillo wanamsubiri.
Alfajiri lori halikuwepo.
Aliacha dola tano juu ya mto.

Basi. Hapo ndipo panapoishia,
na insha inataka mwisho:
mgonjwa apone, au afe kwa adabu,
nami niwe nimejifunza kitu.
Mguu ule sijui uko wapi.
Nikamwandika bibi. Nikamuugulisha kidogo tu.
Mungu anisamehe, na yeye pia.

Februari, usaili mmoja, kwenye kompyuta,
madaktari watatu ndani ya visanduku vitatu.
Nilivaa koti la mama, chini suruali ya kulalia.
Wa katikati, Dokta Brandvold, akauliza:
una miaka kumi na saba; ukibadili mawazo?
Jibu nilikuwa nalo, nimelipiga pasi.
Simu ya mapokezi ikalia, mtu anataka mto wa pili,
na jibu likanitoka kichwani.
Nikasema: huenda nikabadili.
Kisha nikawasimulia doa, soksi, kuku.
Nikasema: kubisha najua.
Nataka kujua la kufanya mlango ukishafunguliwa.
Hakuna aliyetikisa kichwa.
Mmoja aliandika kitu, kifupi.

Sasa ni Machi tena.
Vyuo sita vimekataa kwa lugha tamu,
kile cha usaili kimeniweka kwenye orodha ya kungoja,
viwili kimya.
Mama hufungua barua pepe zangu kabla yangu.
Mimi nafua.
Kila shuka naligeuza kwanza,
natazama upande wa miguuni.