Magamba ya Kaa

Karani wa mizigo pale Kigoma
hakuona fisi maji kwenye orodha ya nauli.
Akapiga mwayo, akaandika:
mbwa wadogo, wanne.
Basi wakaingia Usinge kama mbwa,
saa nane usiku, behewa la nyuma,
kati ya magunia ya dagaa na godoro la bi harusi,
na gunia moja lilifika pungufu.

Nilitumwa mimi kuwapokea.
Mimi Misigalo, mtega migono wa Sagara,
niliyevuta mgono mzito, miaka kumi na mmoja iliyopita,
nikacheka peke yangu, nikidhani ni kambale.
Alikuwa amezama humo humo,
vidole vyenye utando vimeng'ang'ania fito
kama mtu aliyeshika nondo za dirisha.
Ngozi niliiuza shilingi elfu nane.
Tangu siku ile hakuonekana mwingine,
na jirani yangu Ndalahwa,
aliyezoea kuwatukana kila asubuhi kwa nyavu zilizotobolewa,
sasa nyavu zake hazikutobolewa na kitu,
wala hazikuguswa na samaki.

Nibigira, mtaalamu, Muha wa Kasulu,
alinifundisha kuusoma ukingo.
Kenge huburuta mkia, huacha mstari.
Nguchiro hunya nywele na mbawa za mende.
Huyu wetu ana vidole vitano,
na katikati yake tope limelainika
kama limepigwa pasi.
Hutokea pale pale, hulaza nyasi, hujifuta mgongo,
kisha hupanda jiwe lililoyapita mengine
na kuacha barua.
Ndivyo alivyosema, barua.
Hakuwa na ya kunionyesha.

Tuliwafungulia chini ya mkuyu uliosalia;
wenzake waliishia kwenye mabani ya tumbaku.
Wa kwanza alitoka kama maji yanavyotoka chupani.
Wa pili hakutaka.
Wa tatu alimng'ata Nibigira kidole gumba.
Wa nne, jike, alisimama wima, akageuza shingo,
nikayaona mabaka ya kooni,
nikayachora upesi nyuma ya stakabadhi ya reli:
doa kama jembe, doa kama ndizi, tone.
Kila mmoja ana yake, hayafanani.
Ya yule wa mgono sikuyatazama.
Leo ukinipa kalamu siwezi kuyachora.

Machi: kenge.
Aprili: nguchiro, nguchiro, mvua.
Mei: mbwa, mbwa wa kweli.
Watoto wa shule wakanipa jina, Bwana Mavi,
na Kalunde, mke wangu, akauliza
kama mishahara ya serikali siku hizi
hulipwa kwa kuinama.
Mshahara wenyewe haukuwepo; kulikuwa na buti na daftari.
Nilikata fito mbili, nikazifunga msalaba
kwenye mdomo wa kila mgono wangu,
samaki apite, kichwa cha mwenye manyoya kikwame nje.
Watu saba wakaiga.
Ndalahwa alisema msalaba ni wa kanisani.

Leo, kabla ukungu haujainuka kwenye mafunjo,
jiwe la tatu kutoka mkuyuni:
kidonge cheusi, kibichi, ute ungali unang'aa.
Nikapiga magoti na buti za watu.
Nikakivunja kwa kijiti.
Magamba ya kaa, mekundu, madogo kama kucha za mtoto.
Miiba ya perege.
Harufu ya samaki, na nyuma yake kitu kitamu kidogo,
kama nyasi zilizolala ndani.
Mkono ulitetemeka, tarehe nikaikosea,
nikaifuta, nikaikosea tena.

Kisha mtumbwi ukaja, na matusi mbele yake.
Ndalahwa, wavu begani,
kidole amekipitisha kwenye tundu jipya,
anakizungusha taratibu
kama anayepima pete.
"Wamerudi, washenzi hawa!
Misigalo, unasikia? Wamerudi!"
Na perege wawili walikuwa wakirukaruka miguuni pake.

Nikamwambia, tia nanga,
njoo hapa unuse.