Maji ya Kuchorea

Ratiba niliipanga mimi, kwa rula na kalamu nyekundu:
Hisabati asubuhi, vichwa vikiwa bado na umande,
halafu Fizikia, Kemia, Kiingereza,
na Sanaa nikaitupa Ijumaa, kipindi cha mwisho,
wakati nusu ya shule haijarudi kutoka msikitini
na nusu nyingine iko foleni bombani.

Wanafunzi wanne. Mwalimu mmoja, Osmunda Chilumba,
mwenye stashahada na boksi la rangi
zilizokaukia njiani, tangu Masasi.

Wakapewa bohari ya salfa.
Magunia yalishaondoka, njano imebaki ukutani,
inaingia puani, inalala kwenye kola za mashati.
"Msiipanguse," akawaambia. "Ikusanyeni."
Njano wakaikoroga kwa uji wa muhogo,
nyekundu wakaichimba nyuma ya choo,
na nyeusi, nyeusi haijawahi kutusumbua:
masizi ya sufuria la bweni yapo tangu shule ifunguliwe.

Shida ni maji.
Nani asiyeijua Newala? Ukungu unatulalia mgongoni
na bado tuna kiu. Ndoo ni mia tano bomba likitoka,
lisipotoka usiulize.
Kwenye kikao cha wazazi nilisimama mimi:
"Watoto hawajanawa uso, ninyi mnaosha brashi?"
Mzee Nampembe naye akauliza, kwa upole kabisa,
"Hizo picha, mwalimu, zinaingia mnada wa ngapi?
Maana korosho zangu zinaingia wa tatu."
Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Osmunda hakujibu. Ijumaa iliyofuata
alikwenda jikoni akaomba kikombe,
kimoja, cha bati, kilichokatika mkono,
akawatoa wanne wale hadi ukuta wa nyuma,
saruji tupu inayochomwa na jua la saa nane.
Vidole ndiyo brashi.
"Chora mtu anayetembea.
Ukifika miguuni, kichwa kitakuwa kimekauka.
Msikililie kichwa. Endeleeni."

Nilikuwa ofisini nasahihisha pembetatu.
Dirisha langu linautazama ukuta ule.
Nikamwona Somoe Mkwanda,
wa thelathini na sita kati ya thelathini na wanane kwenye orodha yangu,
anachovya kidole, anavuta mstari
kutoka kisigino hadi kisogo, mkono haunyanyuki.
Mwanamke. Ameegemea kushoto kidogo,
shingo imesimama wima: basi kuna ndoo,
ingawa ndoo hakuichora.
Ndoo niliiweka mimi.
Nikakadiria mlalo wa kiuno, ndiyo kazi yangu,
nyuzi kumi na mbili, labda kumi na tatu,
nikajua kamwona wapi: kwenye mpando wa kutoka bondeni,
alfajiri, pale mchanga unapotoroka chini ya unyayo.

Sijafunga kalamu, ameshaanza kuondoka.
Bega. Kisha mkono ulioshika hewa.
Ukuta ukamnywa.
"Tena," akasema Osmunda,
na kikombe kilikuwa bado nusu.

Sitasema nilibadilika siku ile. Nilirudi kwenye pembetatu.

Muhula ukaisha. Mtihani wangu, swali la tatu:
ngazi imeegemea ukuta, tafuta pembe yake na sakafu.
Somoe hakuandika tarakimu hata moja.
Alichora ngazi, na ukuta una ufa,
na kwenye kidato cha nne paka amejikunja,
hana habari na mtu.
Nikachukua kalamu nyekundu nimkate.
Sijui kwa nini nikachukua kwanza kipimapembe.

Nyuzi sitini na moja.
Jibu ni sitini.

Karatasi zote nimezirudisha, isipokuwa hiyo.
Iko drooni, chini ya rula, haina alama.
Amekuja kuiulizia mara mbili.