Ubao wa Mia Mbili na Kumi

Tumelipa getini, mimi na Gwantwa,
mtoto nusu bei, fundi bei kamili.
Kijana wa risiti hanijui.
"Karibu Matema, mzee. Usiguse ukingo, una rangi mbichi."
Ukingo huo nimeupiga randa mimi.

Gwantwa anataka mamba.
Mimi nahesabu misumari:
ya inchi nne, miwili kila kichwa cha ubao,
msindano wa Makete uliokunywa dawa hadi ukawa kijani.
Tuliubeba begani kutoka barabarani
msimu wa mvua, matope yakitudai viatu.
Ambakisye alidaiwa kimoja, akalipa.

Sasa njia inapita juu ya matete bila kulowa.
Watu wanatembea na soksi nyeupe
mahali tuliposimama majini hadi kiunoni
tukipigiana kelele za vipimo.

"Baba, moto!"
Ziwani, moshi mweusi umesimama wima
mbele ya Milima ya Livingstone.
Si moto, namwambia, ni visubi,
wamezaliwa leo kwa mamilioni, kesho hawapo.
Anafikiri. "Nao wamelipa?"

Hakuna aliyelipa humu ila sisi.
Mdiria amekaa juu ya rangi mbichi
na hakuna wa kumkataza.
Kenge kajilaza katikati ya njia,
tumbo kwenye ubao uliopata jua,
anatutazama kama mwenye nyumba
aliyegongewa mlango saa ya kulala.
Tunangoja mpaka apende kuondoka.

Na hapa kwenye kona, mavi,
yamejaa magamba ya kaa.
Gwantwa anaziba pua. Mimi nafurahi mno.
Kona hii ilitushinda siku tatu,
nguzo zikizama kama kijiko kwenye uji.
Mhandisi alisema inyooshwe, Ambakisye akasema ng'o,
ikapindwa.
Aliyechagua kuja kunya hapa, usiku, peke yake,
ameikubali kazi yetu.

Mia mbili na nane. Na tisa. Na kumi.
Chini ya ubao huu Ambakisye aliandika jina lake
kwa penseli ya fundi, ile bapa,
akailamba ncha kwanza, kama anayetia sahihi benki.
Mwaka haukuisha. Homa; Ipinda; Jumatano.

Nalala kifudifudi.
Wageni wa Tukuyu wanaruka miguu yangu.
Naingiza kichwa kati ya ubao na maji.

Jina halipo. Kuna kuvu, kuna utando wa buibui,
"A" labda, au mkwaruzo wa msumeno.
Na nyuma ya nguzo, giza lenye sharubu:
fisi maji,
na wadogo wawili wamebanana kifuani pake.

"Unaona nini, Baba?"
Nikijibu watapiga mbizi.
Nampungia mkono alale.
Analala, na gauni lake la Pasaka,
kichwa chake kinashuka kando ya changu,
pumzi ameizuia.

Maji yanagonga nguzo, ko, ko,
kama mtu anayehakikisha
msumari umeingia.