Kizuri Chajitembeza

Walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Waliosema hawakuwahi kuendesha gari
kutoka Swift Current hadi Maple Creek
alfajiri ya Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
maboksi manne kiti cha nyuma yamefungwa mkanda
na kufunikwa blanketi,
maana karatasi nayo husikia baridi, hujikunja.

Kurasa thelathini na mbili:
kindi wa nyikani aliyekataa kulala kipupwe kizima
kwa kuwa alitaka kuona theluji ikoje.
Mchapishaji wa kwanza alijibu baada ya miezi kumi na moja:
kinapendeza, ila hakitufai.
Wa pili alitaka kindi awe dubu.
Wa tatu hajajibu hadi leo,
pengine naye amelala.

Nikauza trekta la marehemu Orest,
nikawa mwandishi, mhariri, mhasibu, mchukuzi,
mkurugenzi wa kampuni yenye ofisi
kati ya mashine ya kufulia na friji la nyama.

Nakala elfu moja.
Elfu moja ni neno jepesi mdomoni;
jaribu kulipandisha ngazi.
Zimejaa chini ya kitanda cha binti yangu aliyehamia Calgary,
zimejaa kwenye beseni la kuogea la wageni.
Mgeni akija, ataoga jikoni.

Dukani wamepokea tano, mali kauli.
Kila Ijumaa napita nazigeuza jalada litazame mlango.
Muuzaji anajifanya haoni.
Ijumaa inayofuata nazikuta zimegeuka tena,
nami najifanya sioni.

Jumamosi, sokoni, ukumbi wa mawe ya barafuni,
meza yangu ipo kati ya soseji za Walter Dyck
na soksi za sufu.
Mama mmoja alikifungua, akakisoma chote kasimama,
akacheka palepale nilipotaka acheke,
akafuta chozi palepale,
akakirudisha taratibu, akanishika mkono: una kipaji, mama,
akaenda kununua soseji.
Simlaumu. Kitabu hakiliwi.

Na leo, maktaba ya Maple Creek.
Viti ishirini na vinne. Watoto watatu.
Mmoja kaja kwa biskuti, na hakuficha.
Mmoja kasinzia kabla kindi hajaamua kutolala.
Wa tatu, Emmett, miaka sita, hana meno ya mbele,
kajivuta hadi buti zake zikagusa zangu,
akaweka kidole ukurasa wa kumi na saba:
"Hapa umeandika *teluji*."

Nimeusoma ukurasa huo mara mia mbili.
Lorraine aliyechora ameusoma.
Dada yangu, mwalimu mstaafu, ameusoma kwa miwani miwili.
Nakala elfu moja, teluji elfu moja,
sakafu ya maktaba ingepasuka ningeshukuru.

"Ni sawa," akasema Emmett.
"Mimi pia nasema hivyo."

Vitabu viwili, dola ishirini na nane.
Petroli, dola hamsini na tano.
Hesabu hii hata Orest, aliyelima miaka ya ukame,
asingeniombea mkopo kwayo.

Nikamwandikia jina lake, herufi kwa herufi.
Alisimamia kila moja.
Kisha akauliza, kwa sauti ya kuulizia jirani:
"Sasa hivi yuko wapi?"
Nikamwambia wa kitabuni yuko macho,
lakini ndugu zake wote wamelala,
chini ya mashamba, pande zote za barabara,
kuanzia hapa hadi kwangu.
Akafikiri.
"Basi ukirudi, usipige kelele."

Giza lilinikuta kabla ya Gull Lake.
Upepo ulikuwa ukivusha theluji barabarani
kama mtu anayefagia bila haraka.
Nyuma, maboksi manne kasoro vitabu viwili.
Redioni bwana mmoja alikuwa akisoma bei ya ngano.
Nikamzima.