Mstari wa Pili

Saa kumi na dakika arobaini, na Duluth tayari giza.
Theluji imezilalia ngazi nilizozifagia mara tatu leo.
Dale Kinnunen amesimama nje ya kioo cha mlango wangu,
kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba mkopo.

Ninamjua. Sisemi simjui.
Septemba alinitengenezea komeo la geti lililokwama,
akakataa hela, akaomba kahawa tu,
akainywa amechuchumaa, Junia akimhesabia vifungo vya koti.

Lakini fomu haimjui.
Mstari wa kwanza: Brynn Lofgren, mama, simu, simu ya kazini.
Mstari wa pili: mweupe.
Hata kistari hakuna, hata nukta ya kalamu iliyosita.
Mstari wa tatu: bibi mzaa mama, Cloquet,
haendeshi gari usiku.

Na asubuhi Brynn aliniambia, hata viatu hajavua:
"Akija Dale, usimpe."
Nikamuuliza, kuna karatasi ya mahakama?
"Bado."
Kineno hicho, bado. Nimeshinda nacho kutwa,
nimemenya nacho machungwa, nimebadilisha nacho nepi.

Hawakufunga ndoa. Hilo si langu.
Kitanda hakizai haramu,
ila fomu nayo haizai baba,
na mimi nina leseni ukutani, na watoto sita,
na miaka ishirini na miwili ya kutokuwa hakimu.

Nazungumza naye kupitia ufa. Nimeweka mnyororo,
na mnyororo wenyewe nauonea haya.
"Dale, siwezi."
"Mimi ni baba yake, Marlys."
"Najua."
"Sasa?"
"Najua. Ila siwezi."

Simu ya Brynn inalia hospitalini, ndani ya kabati la chuma.
Inalia. Inalia.
Nyuma yangu Junia ameacha udongo wa kuchezea,
amekuja na soksi moja,
amebandika viganja vyote viwili kwenye kioo
palepale alipobandika vyake yeye.
Hakuna anayenitazama mimi.

Nilitegemea apige kelele. Ingenisaidia.
Mtu akikutukana, usiku unalala.
Yeye anapulizia kioo kikaingia ukungu,
anachora samaki kwa kidole,
kisha anatoa mfukoni glavu moja, nyekundu, ndogo.
"Aliisahau garini Jumapili. Vidole vitamuuma."
Naipokea kupitia ufa.
Ina joto la mfuko wake.

Hakuondoka. Alikaa garini, taa kazima,
mpaka Brynn alipofika saa kumi na mbili,
na kutoka dirisha la jikoni nikaona magari mawili yakitazamana,
yakifuka moshi, dakika moja, mbili,
halafu moja likarudi kinyumenyume hadi barabarani.
Brynn aliingia, akaiona glavu,
akamvisha mtoto bila kuuliza imetoka wapi.

Sasa nyumba iko kimya. Samaki ameganda kwenye kioo.
Nimefungua daftari, kama ninavyotakiwa, nikaandika:
Saa 10:40. Baba alikuja. Hakumchukua.

Kisha nikalirudia neno la pili katika sentensi ya pili,
kalamu juu yake,
nikawaza kulikata, niandike Bwana Kinnunen,
maana daftari hili laweza siku moja kusomwa na wenye suti.

Chai ikapoa.
Sikulikata.